Mama, Siku Ile Ulipopiga Mwano

Mama yangu,

Mwangaluka, mayu. Ningeanza na shikamoo kama ilivyokuwa kila asubuhi, ila marahaba yako ulikuwa ukiivuta mwishoni kwa namna yako mwenyewe, na nikiandika shikamoo nitakaa hapa nikiisubiri. Kwa hiyo tuamkiane kwa Kisukuma, yaishe.

Barua hii naiandika wazi, asomaye asome, kwa sababu habari yenyewe imeshatutoka mikononi. Watu wanaoleta plau zao mbovu hapa karakana wanaisimulia kila mmoja anavyotaka. Juzi nimemsikia mteja mmoja kutoka Mhunze akimwambia mwenzake kwamba siku ile ulipiga mwano kwa sababu uliona chatu. Mwenzake akasema hapana, jua lilikuwa limekupanda kichwani. Nilitaka kuwasha mashine niwazibe mdomo kwa kelele, nikajizuia, maana walikuwa hawajalipa. Lakini iliniuma. Wao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, nilikuwa juu ya ngazi, na sasa mvua zimeanza tena na kila mtu yuko shambani, nimeona nikusimulie siku ile nilivyoiona kutoka kule juu.

Unakumbuka niliporudi kutoka Nyarugusu? Nilishuka kwenye bodaboda nimekumbatia kitu kilichofungwa kwenye blanketi, ukadhani ni mtoto. Kabla hata hujanipokea begi ukauliza mama yake yuko wapi. Ilikuwa mashine ya kuchomelea. Nilikuwa nimekaa machimboni miaka, kwanza nikishuka kwenye mashimo ya dhahabu, yale ambayo wachimbaji wanayaita maduara, halafu nikahamia kwenye makarasha yanayosaga mawe, na huko ndiko nilikojifunza kuunga vyuma. Nikakuambia nataka karakana hapa nyumbani. Umeme umefika barabarani, nikasema, na wilaya nzima hii ya Kishapu inalima kwa ng'ombe, plau hazikosi kuvunjika. Hukunijibu kitu, nikadhani umekataa. Kesho yake nikakukuta umeshafyeka ile kona ya barabarani uliyokuwa ukipanda karanga zako, umesimama katikati na fyekeo, ukaniuliza mlango nitauweka upande gani.

Matofali tulifyatua wenyewe kwa udongo wa kichuguu, maana huu wetu mweusi wa mbuga ukikauka unapasuka. Ulikanyaga tope kwa miguu yako, sketi umeikunja mpaka magotini, ukinikemea kwamba naweka maji mengi utadhani napika uji. Hatukuyachoma. Kuni za tanuru hapa kwetu tungezitoa wapi? Tulijenga kwa matofali mabichi, tukakubaliana paa litawahi kabla ya mvua na lipu itafuata baadaye. Ukuta wa tofali bichi ukiwa chini ya paa unakaa miaka na miaka. Usipoezekwa, mvua moja ya kweli inaurudisha kuwa tope, na mimi sikuwa na chochote cha kuanzia upya. Akiba yangu yote ilikuwa imeishia kwenye ile mashine, mbao na bati.

Kulikuwa na jambo jingine tulilolijua wote wawili bila kulitaja. Nalitaja hapa kwa ajili ya wengine watakaosoma. Kabla yangu mimi Shija ulizaa mapacha, Kulwa na Doto. Dada Kulwa ameolewa Nyahanga, kule Kahama, na anakuja kila mavuno. Kaka Doto alitangulia machimboni mimi nikiwa bado nasoma. Aliaga asubuhi moja kama mtu anayekwenda mnadani, ukamfungia michembe, vile viazi vilivyokaushwa, ya njiani. Alikuwa akipiga simu, halafu akawa anapiga mara mojamoja, halafu namba ikawa haipatikani. Nilipofika Nyarugusu mwenyewe nilimuulizia kila kambi. Mmoja akasema amehamia upande wa Zambia, mwingine akasema hamjui. Hatuna kaburi lake wala hatuna habari zake. Wewe ulinyamaza tu, ukawa unaitikia watu wanapokuita Mama Kulwa, na jina la Doto hukulitamka tena.

Sasa ile Jumamosi.

Mvua ilikuwa imenyesha kidogo katikati ya wiki, ya kulainisha ardhi tu, na kuta tulikuwa tumezifunika kwa turubai la kuazima. Kijiji chote kiliingia shambani kulima na kupanda pamba. Majirani walikuwa wameahidi kuja kutusaidia kupandisha kenchi za paa Jumapili, wakitoka kanisani. Kabla ya hapo hakuna ambaye angeacha ng'ombe wake kwenye mtaro wa plau akaja kutushikia mbao, na sikuwalaumu. Mbao zilikuwa tayari zimeungwa, zimelala chini kando ya ukuta, na bati zimepangwa chini ya mgunga. Ilibaki siku moja tu.

Tuliamka tukigombana. Wewe ulitaka kulima kwanza, mimi nilitaka kuanza paa na Fundi Maganga, hata kama tuko wawili. Ukasema paa la kuezekwa na watu wawili ni paa la banda la kuku. Nikasema pamba inaweza kusubiri. Ukaniangalia kama mtu aliyetukana, ukachukua mjeledi, ukaniachia plau. Tukalima. Yule maksai mweusi uliyempa jina la Bwana Shamba, kwa sababu kila akifika mwisho wa mtaro husimama akalitazama shamba bila kufanya kazi, siku hiyo alisimama kuliko siku zote. Jua lilipokuwa bado halijachoma, ng'ombe mweupe naye akaamua kuzaa. Ukaniacha na plau, ukaenda kumshika. Huku mbuzi wakaingia kwenye mbegu. Fundi Maganga akafika wakati huohuo na baiskeli yake, akakuta mimi nakimbiza mbuzi na wewe mikono yako imelowa mpaka kwenye viwiko, akauliza kwa upole kama amekosea siku.

Ilikuwa baada ya ndama kusimama ndipo Maganga aliponyanyua kichwa akatazama upande wa mashariki. Alichukua ngazi akaiegemeza ukutani. Na mimi nikatazama. Wingu lilikuwa limejikusanya chini kabisa, jeusi upande mmoja na la rangi ya vumbi upande mwingine, na lile la vumbi ndilo la kuogopa, kwa sababu linakuja na upepo.

Tulijaribu wawili, Mama, wewe unajua. Tulinyanyua kenchi ya kwanza, mimi juu, yeye chini, ikafika nusu ikatuzidi, ikarudi chini na kunichubua mkono wote. Tukajaribu na kamba. Ukaja na wewe ukashika upande mmoja, na damu ya ng'ombe bado iko kwenye kanga yako. Ikasimama, tukaigongea misumari, lakini moja ile ilituchukua muda ambao hatukuwa nao. Zilibaki nyingine, na bati zote, na wingu lilikuwa limeshafika juu ya minazi ya serikali, ile minara ya simu ambayo wewe ulikuwa ukiiita hivyo kwa kuidharau.

Simu yangu ikalia nikiwa juu ya ngazi. Aliyepiga ni Kidevu, niliyekuwa nikichimba naye. Duara lao lilikuwa limefika kwenye mwamba unaoonyesha, akasema, na wakati wowote lingetema, yaani lingetoa dhahabu. Nafasi yangu kwenye kundi bado ipo, lakini mwisho ni kesho asubuhi, nisipofika anaingia mtu mwingine. Nilitazama kuta. Nilitazama wingu. Upepo ulikuwa umeanza kulivuta turubai kwenye kona.

Nikamwambia hivi, na sikujua kama uko chini yangu umeshika ngazi: "Niache mpaka jioni. Hizi kuta zikianguka, sina cha kufanya hapa. Natoka leoleo."

Niliposhuka nikakukuta. Ulinitazama usoni, halafu ukaachia ngazi, ukaondoka. Nilidhani umekwenda kumwangalia ndama. Maganga akaniita, turubai lilikuwa limeng'oka upande mmoja na linapigapiga ukuta, nikarudi juu kulishika. Tone la kwanza likanipiga shingoni. Na hapohapo nikausikia mwano.

Kwa wasiotoka kwetu: mwano ni yowe. Lakini siyo yowe la mtu kupiga akijikwaa. Ni sauti ndefu inayopandishwa na kurudiwa, na maana yake ni kwamba kuna wizi wa ng'ombe, au mtu anauawa, au moto, au mnyama mkali. Ukisikia mwano unaacha ulichoshika. Unaacha chakula, unaacha ng'ombe kwenye nira, unachukua fimbo au upinde unakimbilia inakotoka sauti, na wanawake wa boma linalofuata wanaupokea na kuupeleka mbele. Aliyesikia akabaki nyumbani, sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wanamtoza faini. Aliyeupiga bila sababu, wanamtoza zaidi. Mtoto mdogo kwetu anajua hivyo kabla hajajua kuhesabu.

Na mwano huo ulitoka nyuma ya nyumba yetu. Sauti ilikuwa yako.

Nitakuambia nilichokifanya, ucheke. Niliachia turubai. Upepo ukalichukua lote. Niliruka chini na nyundo mkononi nikakimbia kuzunguka nyumba, nikiwa na uhakika kwamba ng'ombe wameibiwa au umekatwa na mtu. Maganga nyuma yangu na panga. Tukakukuta umesimama juu ya lile jiwe la kusagia mtama, peke yako, umefumba macho, unaita. Hakukuwa na mwizi wala nyoka. Nikakuita, hukuitika. Ulimaliza pumzi, ukavuta nyingine, ukaanza tena. Kwa akina Mama Limbu ng'ambo ya korongo wakaupokea, na huko mbele yao nao wakaupokea, nikasikia ukienda mpaka ng'ambo nisikoweza kuona.

Nilikushika mkono. Nikakuuliza kuna nini. Ukasema, "Rudi ukashike ngazi yako," na sauti ilikuwa imekukauka.

Sijawahi kuogopa namna ile hata kwenye duara. Kule chini ukiogopa unaogopa peke yako. Hapa niliwaona wanakuja. Walitoka kila upande wa shamba, wanaume na matope ya mitaro miguuni, wenye fimbo, wenye mapanga, wenye pinde na mishale, mzee mmoja amebeba jembe. Filimbi za sungusungu zilikuwa zinajibizana. Nyuma yao niliona plau zimeachwa zimesimama mashambani na ng'ombe wanapotea na nira shingoni, na mvua inakuja, na kila mmoja wao alikuwa ameacha mbegu zake wazi. Waliacha vyote hivyo kwa sauti yako. Na hakukuwa na kitu cha kuwaonyesha.

Kamanda wao alikuwa Mzee Ndalahwa. Unajua jinsi alivyo, haongei haraka na hapandishi sauti, na ndiyo maana watu wanamwogopa. Alifika akihema, akazungusha macho: zizi limejaa, ng'ombe mweupe anamlamba ndama, nyumba haina moshi, mimi na nyundo yangu. Akaja mpaka mbele yako.

"Mama Kulwa," akasema, "mwano umelia hapa. Ng'ombe wamepita wapi?"

"Ng'ombe wapo wote, baba."

"Nani ameumia?"

"Hajaumia mtu."

Waliokuwa nyuma wakaanza kunung'unika. Kijana mmoja akapiga fimbo chini akasema ameacha maksai wake kwenye mahindi ya watu. Mzee Ndalahwa akanyanyua kiganja wakanyamaza. Matone yalikuwa yameanza kuongezeka, yanaacha alama kubwa kwenye vumbi. Nilitaka kusema kitu, niseme ni mimi niliyekutuma, niseme umeugua. Akakuuliza mara ya mwisho umeita watu kwa lipi, na ukashuka kutoka kwenye jiwe, ukapiga goti moja kama inavyotakiwa, lakini macho hukuyainamisha.

Haya ndiyo maneno yako. Wale wa chatu na wale wa jua wayasome vizuri.

"Mwizi akichukua ng'ombe nikapiga mwano, mnakuja. Nyarugusu ilimchukua Doto, hamkuja, kwa sababu sikuwaita. Nilimfungia michembe nikanyamaza. Leo inamchukua huyu. Kuta zile zikianguka anaondoka jioni hii, nimemsikia kwa masikio yangu. Safari hii nimeita. Kama nimekosa, nitozeni."

Mimi nilitazama chini, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya kijiji kizima huku mama yangu amenitaja kati ya vitu vinavyoibiwa, na nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo nilikuwa nataka kulia kama mtoto. Mimi niliyedhani nimerudi nyumbani kukusaidia. Kumbe tangu siku niliyoshuka na lile blanketi ulikuwa umekaa macho unanilinda.

Mzee Ndalahwa alitazama wingu. Akatazama zile kuta, ambazo tayari zilikuwa zimeanza kuwa na madoadoa. Nilimwona taya lake likicheza.

"Kosa lipo," akasema, "na tutalikalia kikao. Lakini watu wameshafika. Fundi yuko wapi?"

Mama, nimeona watu wakifanya kazi machimboni, usiku na mchana, wakisukumwa na dhahabu. Sijaona kazi kama ile. Maganga alipanda juu akawa anapiga kelele tu, weka hapa, shika pale, na mikono ilikuwa mingi kuliko mbao. Kenchi zilipanda moja baada ya nyingine, watu wamesimama juu ya mabega ya watu. Mama Limbu na wanawake wenzake walifika nyuma ya wanaume, walipoelezwa walisema "Yesu wangu" mara moja, kisha wakavua kanga zao za juu wakazitandaza kwenye ukuta wa mashariki unaopigwa na mvua, na walipoona hazitoshi wakasimama wenyewe wameegemea ukuta kwa migongo, mstari mzima, mvua inawapiga usoni. Wewe ulikuwa katikati yao. Sikuweza kukutazama. Nilikuwa napigilia misumari kwenye bati huku upepo unataka kunichukua pamoja na bati lenyewe, na mzee mmoja ambaye sijawahi hata kumsalimia vizuri alinikalia miguu ili nisiruke.

Mvua kubwa ilitukuta tumebakiza bati za upande mmoja. Ilishuka yote kwa pamoja. Kona ya kaskazini ikaanza kuteremka. Niliona tofali la juu likivimba, likilegea, likichuruzika, na la chini yake likafuata, na mtu akapiga kelele kwamba ukuta unakwenda. Nikajua tumeshindwa. Nakuambia ukweli, niliposikia hivyo kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni barabara ya Shinyanga na bodaboda ya kunipeleka. Mzee Ndalahwa aliita vijana wake wakaikumbatia ile kona kwa mikono, watu na tope wakawa kitu kimoja, na juu yao tukalaza bati la mwisho bila kupima, limepinda mpaka leo. Nikapiga msumari. Nikapiga mwingine. Maji yakaacha kupita.

Ukuta ulisimama. Kona ilikuwa imeliwa robo na kuta zote zilikuwa na michirizi, lakini ulisimama.

Watu wote waliingia ndani, tukabanana humo tumelowa, tunanuka tope na jasho, hakuna anayesikia mwenzake kwa kelele za mvua kwenye bati. Nilidhani sasa watacheka, watatania, mambo yataisha hivyo. Ulikuwa unawajua kuliko mimi. Mvua ilipopungua Mzee Ndalahwa akasema tukae, na watu wakakaa chini humohumo kwenye sakafu ya udongo, na kesi ikaanza. Hawakukuonea huruma hata kidogo. Mmoja alisema kama mwano utapigwa kwa ajili ya nyumba, kesho utapigwa kwa ajili ya ndoa, na siku ya wezi watu watalala. Alikuwa na haki. Wewe mwenyewe uliitikia kwa kichwa. Kamanda akasema umetozwa dume moja, kwa ajili ya wote waliokimbia, na kwamba ukirudia hakuna atakayekuitikia tena, hata nyumba ikiwaka.

Dume la kutoa lilikuwa Bwana Shamba. Katikati ya kilimo. Nilisimama kukataa, nikasema nichukueni mimi, nitozeni mimi, nitachomelea plau zenu bure msimu mzima. Ukanivuta shati nikae. Ukasema, "Nimekubali, baba. Mchukueni," na ukaongeza kwamba hata hivyo alikuwa mvivu.

Hapo ndipo walipocheka.

Walipoondoka ilikuwa jioni bado kuna mwanga. Tulibaki wawili mle ndani. Mvua ilikuwa imerudi, inapiga bati kwa nguvu. Ulikuwa unafuta tope kwenye mashine yangu kwa pembe ya ile kanga, taratibu, na bila kunitazama ukaniuliza kama nitaondoka. Nilikuona midomo tu, lakini nilielewa. Simu ilikuwa mfukoni na ilikuwa imeshalia mara kadhaa. Nilifungua mdomo nikujibu, na sijui nilitaka kusema nini, hata leo sijui. Hukusubiri. Ulisema unakwenda kumwangalia ndama.

Kesho yake hatukuwa na maksai wa pili, kwa hiyo tulishika majembe ya mkono. Shamba lote la pamba tulilipanda kwa mkono msimu ule, wewe mstari wako na mimi wangu, na mgongo wangu wa mchimba dhahabu ukalia kuliko wako. Kidevu alipiga tena. Baadaye akaacha kupiga. Duara lao kama lilitema au halikutema, sikuuliza.

Na kuanzia hapo ndipo ulipoanza mchezo wako wa asubuhi. Ulidhani sijui? Kila nilipofungua mlango wa karakana, kabla hujaenda shamba, ulikuwa unapita. Unachungulia. Nikigeuka, unaniambia unatafuta kuku, kuna kuku anataga huku nyuma. Hakukuwa na kuku anayetaga huku nyuma, Mama, kuna vyuma tupu. Miaka yote ile hukukosa asubuhi hata moja. Hata miguu ilipoanza kuvimba ulikuja na fimbo, ukasimama mlangoni, ukaniona nimevaa miwani ya kuchomelea, ukaguna, ukarudi. Mwaka jana kabla ya mavuno, ulipolazwa kule Shinyanga mjini, dada Kulwa aliniambia kwamba kila asubuhi ulikuwa ukimwomba anipigie simu aulize kama kuku ameonekana. Alidhani homa imekupanda. Sikumwambia kitu, nilikuwa najibu tu kwamba ameonekana.

Sasa nafungua mlango asubuhi na hapiti mtu. Nimezoea karibu kila kitu kuhusu kuondoka kwako, nimezoea hata ukimya wa jikoni, lakini hilo sijalizoea. Mke wangu anasema nakawia kuwasha mashine siku hizi, wateja wanasubiri nje na mimi nimesimama tu ndani natazama mlangoni. Ni kweli. Nakupa muda wa kupita.

Uliniuliza swali, ukaenda kwa ndama kabla sijajibu. Nilikuwa nikidhani jibu utakuwa umeliona mwenyewe, kwa sababu ulikuja kuliangalia kila siku. Lakini mtu anayekuja kuangalia kila siku ni mtu ambaye hajajibiwa, na hilo nimelielewa umeshaondoka. Basi nakujibu hapa, mbele za watu, kama wewe ulivyosema mbele za watu.

Sikwenda, Mama. Nipo.

Pumzika, mayu. Huna haja ya kuja kuchungulia tena.

Mwanao,
Shija